Nganda ya kupinda ya Himley

Sisi wa Katanga tunajua: ukichimba sana chini, nyumba ya juu nayo itashuka. Waingereza nao wanajua. Katika kijiji cha Himley, karibu na Dudley, kulikuwa nganda moja ambayo watu walitoka mbali kuja kuiangalia, juu tu ilikuwa imepinda.

Ilijengwa mwaka wa 1765, nyumba ya mkulima, ya matofali ya kuchoma. Haikujengwa vile. Chini yake watu walichimba makaa ya mawe, udongo ukadidimia, na upande mmoja ukashuka karibu metre 1,20 kupita ule mwingine. Karibu mwaka wa 1830 ikafanywa nganda. Jina la kwenye kibao lilikuwa Glynne Arms, lakini wenyeji waliiita Siden House, maana yake kwa lugha yao nyumba iliyopinda.

Ndani, macho yalidanganyika. Ukiweka gololi juu ya meza, unaiona inapanda yenyewe! Kumbe inashuka kama kawaida. Ni ukuta, dirisha na mlango ndivyo vimelala, na jicho linavifuata likidhani vimesimama wima.

Miaka ya 1940 serikali ilitaka kuibomoa, eti ni hatari. Kampuni moja ya bia ikaiokoa: ikajenga nguzo nene za matofali kushikilia kuta, ikatia na vyuma. Hawakuinyoosha. Walielewa kwamba ule upindo njo historia yenyewe.

Lakini haikuwa kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. Julai 2023 ikauzwa. Tarehe 5 Agosti ikaungua. Polisi wakasema wanachunguza moto wa kuwashwa makusudi. Tarehe 7 tingatinga ikamaliza kuta zilizobaki. Miaka 258, siku mbili! Februari 2024 baraza la South Staffordshire likaamuru ijengwe tena kama ilivyokuwa. Sawa, matofali yatapangwa. Lakini ule upindo wa kwanza ulifanywa na mugodi, hapana fundi.

Kwetu Kolwezi, katika Kasulo, watu walichimba kobalti mpaka chini ya vyumba vyao. Nyufa za kuta zile nazo ni maandiko. Sisi tuliosoma, tumepiga picha ngapi? Tumepima nyumba ngapi? Tusingoje tingatinga.