Jaji Aliporudishiwa Mizani

Kwa miaka mingi nchini Kenya, kazi ya jaji katika kesi ya mauaji iliishia pale kosa lilipothibitika. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1930 chini ya wakoloni, kiliweka adhabu moja tu: kifo. Aliyepanga mauaji kwa miezi kadhaa na aliyeua kwa hasira ya ghafla wote walisomewa adhabu ileile. Umri wa mshtakiwa, majuto yake na maisha yake ya nyuma havikubadili chochote.

Kitanzi chenyewe hakikutumika tena baada ya 1987, ila hukumu ziliendelea kutolewa. Magereza yakajaa watu waliongoja kifo kisichokuja. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki akawabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000, kutoka kifo hadi kifungo cha maisha. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wengine 2,747. Huruma hiyo iliwaondolea hofu ya kunyongwa, lakini ilitolewa kwa mkupuo, kama adhabu ilivyokuwa imetolewa. Bado hapakuwa na aliyesikiliza habari ya kila mmoja wao.

Mahakama nazo zilivutana. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, ilikataa adhabu ya kifo ya lazima. Julai 2010 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikiketi Mombasa, ikafuata njia hiyo katika kesi ya Godfrey Mutiso. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikaupa kisogo uamuzi wake.

Francis Karioko Muruatetu alihukumiwa kifo mwaka 2003, na adhabu yake ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Yeye na mwenzake walifika Mahakama ya Juu ya Kenya wakilalamika kwamba sheria ilimnyima jaji nafasi ya kupima adhabu inayowastahili. Tarehe 14 Desemba 2017 majaji wakakubaliana nao. Adhabu ya kifo ilibaki katika sheria, ila haikuwa ya lazima tena kwa mauaji. Jaji sasa angetazama umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, kama anajuta na kama anaweza kurekebika.

Maombi ya kupunguziwa adhabu yakamiminika, hata kutoka kwa waliofungwa kwa wizi wa mabavu na unajisi. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaweka mpaka: uamuzi ule ulihusu mauaji pekee.

Mpaka huo unauma, kwa sababu hoja ya Muruatetu haikomei kwenye kosa la aina moja. Anayepoteza uhuru wake, kwa kosa lolote, anastahili kusikilizwa mara mbili: kwanza juu ya alilotenda, kisha juu ya adhabu inayomfaa.