Gereza la Kilwa Kisiwani

Usitafute pembe zote za ngome hii. Upande wa pwani, bahari imekwisha kula sehemu yake. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, wakaihama 1512. Sehemu kubwa unayoiona leo ni kazi ya Waomani, ya mwanzoni mwa karne ya 19.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana fundi anayeziba nyufa hapa hatumii saruji: ni ngumu mno, hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la kale likaanza kumung'unyika nyuma ya lipu inayong'aa. Chokaa huacha ukuta ukauke. Kasoro yake moja: haitaki haraka.

Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Yalitoka 2014, baada ya kuta kuimarishwa, vichaka kufyekwa na wanakijiji kushirikishwa katika ulinzi na upandaji wa mikoko.

Ukishuka ufukweni, angalia unapokanyaga. Miche ni midogo.