Utani wa Mark Twain ulikuwa na bei

Wasee, kabla ukubali kuwa MC wa harusi ya mtu kwa sahani ya pilau na ahadi ya "utajulikana", hebu twende Marekani ya karne ya 19 kidogo.

Kule hotuba ilikuwa burudani kabisa. Tangu 1826, Josiah Holbrook alipoanzisha chama cha kwanza cha mihadhara pale Millbury, Massachusetts, hata miji midogo ilikuwa inaalika msemaji, watu wanajaa ukumbini jioni kumsikiza. Lakini msemaji alijipangia karibu kila kitu: barua, bei, treni.

Mwisho wa 1867 Charles Dickens akatua Boston. Alisoma hadithi zake mwenyewe kwa sauti, akiigiza kila mhusika. Maonyesho 76, na alirudi Uingereza na karibu pauni 19,000. Mwaka huo wa 1868, James Redpath akafungua ofisi Boston ya kuwatafutia wasemaji kazi. Komisheni, asilimia 10. Frederick Douglass alikuwa kwa orodha yake, na Mark Twain pia.

Twain ndiye ananivutia zaidi, juu alichukia hizo safari na bado alienda. Chicago, 1879, kwa karamu ya Jenerali Grant, aliwekwa msemaji wa 15, wa mwisho kabisa. Saa nane usiku ilikuwa imepita! Wanajeshi wameshiba, wamechoka, na yeye anasimama kuongea juu ya watoto wachanga. Waliangua kicheko, Grant mwenyewe akiwemo. Miaka miwili kabla, kwa karamu ya Boston, alikuwa amewatania Emerson, Longfellow na Holmes wakiwa wamekaa hapo hapo. Kwa kumbukumbu yake, ukumbi uliganda. Akaandika barua za kuomba msamaha.

Sasa kuna mtu ataniambia, si hizo karamu aliongea bure? Sawa, lakini alikuwa na vitabu madukani na tikiti za kuuza. Wewe unauza nini kesho yake?

1894 kampuni yake ya uchapishaji ilifilisika, na alikuwa amezamisha pesa nyingi kwa mashine ya kupanga herufi ambayo haikufika popote. 1895, akikaribia miaka 60, akaanza kuzunguka dunia akiongea: Australia, New Zealand, India, Afrika Kusini. Kufikia 1898 alikuwa amelipa wadeni wake wote, ingawa sheria haikumlazimisha. Mdomo ulimsaidia kulipa, manze.

Halafu kuna mwenye sherehe mmoja hapa Nairobi alilipa tenti, mapambo, keki na spika, mimi niliyeshika maiki saa sita nzima nikaambiwa nisubiri wiki ijayo. Bado nasubiri. Siku hizi nataka nusu kabla sijatoka kwa nyumba, na nauliza ni wangapi wanaongea kabla yangu.