Kazi Iliyozaliwa na Kadi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtu wa California aliyetaka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa aliingia dukani, akalipa, akatoka na mzigo wake begani. Maelekezo, kama alipewa, hayakuzidi sentensi moja: ukiwa chini, usizuie pumzi. Mkufunzi hakuwapo dukani, na kazi yenyewe ya ukufunzi ilikuwa bado haijazaliwa.

Kifaa alichobeba kilikuwa kichanga. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan alikuwa na vali ya kulisha gesi kwenye injini za magari. Pamoja na ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, aliigeuza impe binadamu hewa kila anapovuta pumzi, kwa mgandamizo uleule wa maji yaliyomzunguka. Ndiyo iliyoitwa Aqua-Lung.

Uzuri wa kifaa hicho ndio hatari yake. Kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu huko kwa hewa ya mtungi, ukaibana na kupanda, hewa hiyo itatanuka mara mbili kabla hujafika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Mvuvi wa pweza anayezama kwa pumzi moja hakutani na balaa hili: hewa aliyotoka nayo juu hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo hata mtoto wa pwani aliyekulia majini ana jambo la kufundishwa hapa. Nalisema mapema ili nisieleweke kwamba naona mafunzo ni ulaghai.

Waliofundishana kwanza kwa utaratibu walikuwa wanasayansi. Katika taasisi ya Scripps, karibu na San Diego, Conrad Limbaugh aliwafunza watafiti waliohitaji kushuka chini kuchunguza viumbe. Kisha Los Angeles ikaingia, na hapa ndipo penye kunishangaza: iliyoanza kuwafundisha raia wa kawaida ilikuwa serikali ya kaunti, kupitia idara ya bustani na michezo. Al Tillman wa idara hiyo na mlinzi wa ufukweni Bev Morgan walikwenda kwa Limbaugh, wakajifunza, wakarudi na mpango wao mwaka 1954. Fikiria halmashauri ya wilaya ikifundisha kupiga mbizi kama inavyosimamia uwanja wa mpira. Limbaugh mwenyewe, mwalimu wa walimu, alifia katika pango la chini ya maji huko Port Miou, Ufaransa, mwaka 1960.

Uingereza ilishika njia nyingine. Klabu ya taifa, BSAC, iliyoanzishwa mwaka 1953, ilijengwa juu ya kujitolea: aliyejua alimfundisha asiyejua jioni baada ya kazi, bila mshahara. Laiti dunia nzima ingefuata mtindo huo, ukufunzi ungebaki ungwana tu, na vijana wengi wa fukwe za leo wangetafuta riziki kwingine.

Marekani ndiko ulikogeuka ajira. Mwaka 1960 Tillman na Neal Hess walianzisha NAUI, chama cha wakufunzi kisichotafuta faida, kwa kozi iliyofanyika Houston. Mwaka 1965 NAUI ilifuta kozi kubwa iliyopangwa kufanyika Chicago, na wakufunzi wa huko wakanuna. Mwaka uliofuata wawili kati yao, John Cronin na Ralph Erickson, wakaanzisha PADI. Simulizi ambayo kampuni yenyewe huipenda ni kwamba ilianza na dola 30 na chupa ya wiski. Mimi navutiwa zaidi na kazi zao za awali. Erickson alikuwa mwalimu wa kuogelea. Cronin alikuwa mwuzaji wa vifaa vya kupigia mbizi, na mwuzaji haoni mwanafunzi tu. Anaona miwani, mtungi, mapezi ya miguuni na safari ya likizo.

Basi kozi ndefu ikakatwa vipande vipande, kila kipande na bei yake na kadi yake yenye picha ya mwenyewe. Mara nyingi hapakuwa na sheria ya nchi iliyodai kadi hiyo. Waliodai ni wafanyabiashara wenyewe: huna kadi, hujaziwi mtungi, hupandi boti. Hapo ndipo mkufunzi alipopata ajira, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kukupa kadi.

Lakini naye ilimlazimu kuinunua yake. Hulipia kozi ya ukufunzi, mtihani, ada ya uanachama ya kila mwaka na vitabu, na mara nyingi bima pia. Duka lililomwajiri huweza kuishusha bei ya kozi ili kumvuta mteja kwenye vifaa na safari, na bei ikishuka, cha mkufunzi nacho hushuka. Kwa maneno mengine, ni mwalimu na ni mteja kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba PADI imeuzwa kwa dola milioni 700. Kutoka dola 30.

Utalii ulipopanuka Zanzibar katika miaka ya 1990, mfumo huu ulishuka ufukweni ukiwa tayari umekamilika, bei zake zikiwa kwa dola. Kiswahili kilikuwa na neno kuzamia zamani sana, ingawa mjini Dar es Salaam mzamiaji ni yule anayejificha melini akaenda Ulaya bila tiketi. Katika vituo kadhaa vya Unguja nilivyopita wakati wa utafiti wangu, ngazi ilionekana ileile: kijana wa kijijini huanza kwa kubeba mitungi, akapanda kuwa nahodha wa boti au mwongozaji wa wapiga mbizi, na hapo hukwama. Anayefundisha amefika na kadi yake kutoka nje, atakaa msimu mmoja au miwili, kisha ataelekea Misri au Thailand. Simlaumu, naye anahesabu senti. Ila mwamba anaoonyeshwa mgeni, na mkondo unaobadilika maji yakianza kujaa, huyo mkufunzi aliambiwa na mwongozaji.

Mwongozaji mmoja wa kaskazini mwa Unguja alinionyesha madaftari yake ya kumbukumbu za mbizi. Sharti la mkufunzi ni mbizi 100. Yeye amevuka 2,000 na ameacha kuandika. Kiingereza anacho, Kiitaliano cha kuuzia anacho. Hana fedha za kozi na mtihani kwa mkupuo, na masika, wageni wakipungua, kituo hakimlipi. Mwaka huu amelipia hatua ya mkufunzi msaidizi kwa kuuza sehemu yake ya ngalawa aliyomiliki na kaka yake. Kilichobaki anakusanya kwa bakshishi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mke wake ndiye anayeweka hesabu.