Septemba Isiyokwisha

Katika miaka ya 1980, kila Septemba vyuo vikuu vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya na kuwapa akaunti za kompyuta. Kupitia akaunti hizo wengi waliikuta Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Wageni waliingia kwa kishindo. Waliuliza yaliyojibiwa jana na juzi, wakabishana na wasiowajua, wakakemewa. Baada ya wiki kadhaa wengine walichoka wakaondoka, na waliobaki walikuwa wameshazijua desturi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Septemba iliyofuata, baadhi ya wageni wale wale ndio waliowajibu wapya.

Tunaposimulia ukali wa waandishi wa programu kwa wanaoanza, tunasahau kwamba ndani ya ukali ule ilizaliwa huruma ya aina yake. Orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ambayo leo kila kampuni ya simu inayo kwenye tovuti yake, ilitokana na mijadala hiyo ya mapema. Anayetajwa kuwa mwasisi wake ni Eugene Miya wa NASA, aliyekuwa katika kundi la barua pepe lililojadili masuala ya anga. Kuhifadhi ujumbe wa zamani kulikuwa ghali, hivyo aliyeingia leo hakuwa na njia rahisi ya kujua yaliyosemwa mwaka jana. Dawa ikawa kuyatuma majibu yale yale upya kila baada ya muda. Mwaka 1990 Steve Summit alianza kutunza orodha kama hiyo kwa ajili ya lugha ya C, na mwaka 1995 ikatoka kama kitabu. Ukiisoma unaona mtu aliyekaa na swali la mgeni mpaka akajua ni wapi hasa linamchanganya. Hakuna anayeandika kitabu kizima cha majibu kwa watu anaowadharau.

Kisha Septemba ikakataa kuisha. Mwanzoni mwa 1994 kampuni ya AOL iliwafungulia wateja wake mlango wa Usenet, na wageni wakawa wanafika kila siku ya mwaka, wengi kuliko wenyeji walioweza kuwafunza. Wakongwe wakabatiza kipindi hicho Septemba isiyokwisha. Mpaka leo ipo programu ndogo inayoonyesha tarehe kana kwamba Septemba ya 1993 ingali inaendelea; kwa hesabu yake tumeshavuka siku ya 11,000 ya mwezi huo. Mwaka 1995 Sally Hambridge wa Intel aliandika mwongozo wa adabu za mtandaoni, akaueleza kwa sababu hiyo hiyo: watu wa awali walikua pamoja na intaneti, hawa wapya hawaujui utamaduni wake.

Nadhani hapo ndipo jambo lilipogeuka. Wajibu wa kufundisha ulihama kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Jibu fupi la herufi nne, RTFM, yaani kasome mwongozo, likiwa na tusi katikati, lilikuwa limeshazoeleka. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen waliandika waraka mrefu wa namna ya kuuliza maswali kwa akili. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: anayekujibu hakulipwi, muda wake ni mchache, basi onyesha umejaribu nini kabla ya kumsumbua. Hoja ilikuwa nzuri, mdomo ndio ulikuwa mchungu. Kinachochekesha ni kwamba miradi mingi iliuweka waraka huo kwenye kurasa zake za msaada, na watu waliokwama wakaanza kuwaandikia Raymond na Moen wakidhani wao ndio mafundi. Ikabidi waandike juu kabisa kwamba hawahusiki.

Stack Overflow, iliyofunguliwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilijaribu kulimaliza tatizo kwa mfumo badala ya adabu. Jibu zuri lilipigiwa kura likapanda, na swali lililokwisha kuulizwa lilifungwa. Lengo lilikuwa maktaba, na katika maktaba salamu na shukrani zilihesabiwa kuwa kelele. Wahariri wa kujitolea walizifuta. Kwetu, ukiingia dukani na kuuliza bei ya sukari moja kwa moja, muuzaji anaweza kukujibu, "Kwanza, habari za asubuhi." Kijana aliyelelewa hivyo anaandika salamu, anaomba radhi kwa usumbufu, anashukuru mapema. Kisha anaona heshima yake yote imekatwa, na chini yake kura hasi tatu bila maelezo. Hajatukanwa na mtu yeyote. Lakini jaribu kumwambia hivyo.

Tena alitakiwa kuuliza kwa Kiingereza. Baadaye zilifunguliwa tovuti dada za Kireno, Kijapani, Kirusi na Kihispania. Ya Kiswahili haikuwapo.

Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wengi waliiona kuwa sehemu ya uhasama na majivuno, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe. Miezi michache baadaye maswali ya wageni yakaanza kuwekewa alama, ili anayejibu ajue anazungumza na nani. Ni kile kile ambacho Septemba ilikuwa ikikifanya bila alama yoyote.

Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Haichoki, haifungi swali, na ukiisalimia inaitikia. Maswali mapya kwenye Stack Overflow yamepungua sana tangu hapo. Lakini jibu la mashine linabaki kati yake na aliyeuliza. Atakayekwama pale pale kesho hatalikuta popote. Mei 2024 Stack Overflow ilitangaza ushirikiano na OpenAI, wenye ChatGPT, na baadhi ya waliojibu wageni bure kwa miaka wakaanza kufuta majibu yao. Tovuti iliyarudisha, na baadhi ya akaunti zao zikasimamishwa.