Magofu ya Mnarani

Mnarani ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili, juu ya genge upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Ng'ambo ya maji ndiko uliko mji wa Kilifi wa leo. Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Mji huu haukuwa na buruji za mizinga kama Ngome ya Yesu ya Mombasa. Ulinzi wake ulikuwa genge lenyewe, ukuta wa mji, na macho ya wakaazi, kwani chombo kilichoingia horini kilionekana mapema.

Fahari ya Mnarani ni Msikiti Mkuu, uliojengwa katika karne ya 15 kwa matumbawe na chokaa, kisha ukajengwa upya. Mihrabu yake imechongwa maandishi mengi ya Kiarabu, na ni magofu machache ya pwani yetu yanayoufikia utajiri huo. Matumbawe laini huchongwa yangali mabichi, maana yakikauka huwa magumu. Fundi ilimbidi awe na hakika ya kila herufi kabla ya kushika patasi. Karibu na msikiti kuna makaburi, na mojawapo lina mnara wa mawe wenye pembe nane.

Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 na kushikamana na Wareno. Watawala wa Kilifi, ambayo Mnarani ilikuwa sehemu yake, waliegemea Mombasa, na uhasama kati ya pande hizo mbili uliendelea mpaka miaka ya 1590, Wasegeju walipoingia vitani upande wa Malindi na Mombasa ikashindwa. Lakini kilichoumaliza mji wa Mnarani hakikutoka baharini. Waoromo waliteremka kutoka kaskazini kwa njia ya bara, ambako genge halikuwa na msaada wowote. Mji wa Gede nao ulihamwa katika karne ya 17.

Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeichimbua Gede, aliyafanyia kazi magofu haya katika miaka ya 1950. Sasa yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mgeni hupanda ngazi kutoka karibu na kivuko cha zamani, kilichoacha kutumika daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Misikiti na makaburi yamefyekewa, ila sehemu kubwa ya makazi bado imo vichakani. Huko ndiko kungetujulisha watu wa Mnarani walivyokula, walivyofanya biashara na walivyolala, na kunastahili kuchimbuliwa kabla nyumba na hoteli za kando ya hori hazijasogea zaidi.