M-mama

M-mama ni mfumo wa usafiri wa dharura wa Tanzania kwa wajawazito, kina mama waliojifungua na watoto wachanga. Ulianza kwa majaribio mwaka 2013 katika Kanda ya Ziwa, wilayani Sengerema, na ukajikita pia Shinyanga. Vodafone Foundation ilikuwa miongoni mwa waasisi. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa.

Mama, ndugu au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo. Mratibu anayepokea simu huuliza maswali: damu inatoka kiasi gani? Amepata degedege? Kichwa kinamuuma sana, anaona ukungu? Majibu ndiyo yanayoamua kama ni dharura na apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Akishamfikisha mgonjwa, nauli yake huingia kwenye simu kwa M-Pesa. Mgonjwa halipi.

Kuna pia vifaa vya teknolojia vinavyofuatilia afya: saa na vihisi vya kuvaliwa mwilini hupima mapigo ya moyo na oksijeni ya damu, navyo vina manufaa yake. Ila saa kama hiyo haioni damu inayotoka baada ya kujifungua, na hailipi nauli. Vijijini, kitambuzi cha kwanza cha hatari bado ni mkunga, mama mkwe au jirani mwenye simu yenye chaji.